Mkaja Aliopewa Mwingine

Nilipomzaa binti yangu nilitoka damu mpaka wakanibeba kwa machela hadi hospitalini Bumbuli. Nikapona. Niliporudi nyumbani mama yangu akanifunga mkaja. Alizungusha kaniki tumboni, akaweka goti mgongoni mwangu, akavuta. "Vumilia, tumbo lirudi mahali pake." Nililia. Mkaja unauma, asikudanganye mtu. Ndiyo maana kwetu binti akiposwa, waoaji humletea mama yake kitambaa cha mkaja, kulishukuru tumbo lile.

Mimi niliachwa mtoto akiwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Aliyenitoa ni wifi yangu. Alimwambia kaka yake kwamba mwanamke aliyeharibika kizazi hana faida, na kaka mtu akakubali, hata usoni hakunitazama. Ni hao wawili. Wako hai, na kanisani wanakaa mbele. Mtoto walibaki naye, akalelewa na mke mpya huko Magamba.

Mwaka huu binti kaposwa, nami nikaitwa. Nikavaa kitenge kipya, nikakaa na wanawake wenzangu. Mshenga aliyetoka Vuga akainua kitambaa. "Mama mzaa chema yuko wapi? Aje achukue mkaja wake!"

Nikasimama. Wifi akanipita, akamsukuma mbele yule mke mpya.

Bibi mmoja akashindwa kujizuia. "Ala! Huyu naye alijifungua lini? Au sisi tulikuwa safarini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wifi hakucheka. "Kuzaa si kazi, bibi. Kazi kulea."

"Na aliyeninyima kulea ni nani, wifi?" nikamwuliza. "Si wewe?"

Mume wangu wa zamani alikuwepo. Akainama, akawa anafuta kiatu chake.

Mshenga akaona mambo yanaharibika. "Jamani, taratibu. Aseme mwenyewe. Binti, mama yako ni yupi?"

Alinitazama mimi kwanza. Macho yale ni yangu. Kisha akamshika mkono mama yake wa kambo. "Ni huyu."

Simlaumu. Alipougua, aliyekesha naye si mimi. Yule mama naye alipokea kitambaa huku analia, hakujua akishike vipi.

Binti akanigeukia, akapiga goti kidogo, kama anavyomwamkia mama yeyote wa mtaani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitika, na wifi akapiga vigelegele.