Bwana Masharti na Picha za Chumba cha Nyuma

Katika chumba cha nyuma cha hospitali yetu, palipohifadhiwa picha za eksirei, tulikuwa wawili: mimi, mtunza picha, na fundi wa kompyuta ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Masharti. Sisi wengine tukiweka programu tulibofya "Nakubali" kabla macho hayajafika mstari wa pili. Yeye aliyasoma masharti ya leseni neno kwa neno, kwa sauti, miwani ikimteremka puani. Mkewe aliniambia kwamba hata karatasi ya dawa ya kikohozi aliisoma mpaka anwani ya kiwanda, na akimaliza kikohozi kimeshapona. Nilimcheka sana mtu yule. Leo ningetoa chochote nimsikie tena akisoma.

Kazi yake ilikuwa moja. Picha za zamani zilifunguka kwenye mfumo uliopitwa na wakati tu, na kompyuta mpya ziliukataa. Basi akaweka programu ya bure inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, na humo mfumo ule ukaendelea kuishi. Kuulea ndiko alikoajiriwa kufanya.

"Dada, programu hii ni bure hata kazini," alinionya. "Lakini ina nyongeza yake, ya kuusaidia mfumo kuona vifaa vya kuchomeka. Ile ni bure nyumbani tu. Hapa usiiguse."

Maneno yakaingia sikio hili, yakatokea lile. Siku moja akiwa likizo, kisanduku kidogo kilichohifadhi picha, cha kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya, kiligoma kuonekana kwenye mfumo. Daktari amenisimamia kichwani, mgonjwa yuko mezani. Nikaipakua nyongeza, nikabofya "Nakubali", picha zikatokea. Nikajiona bingwa. Kwani bure si bure?

Miezi mitatu baadaye ikaja barua kutoka kwa wenye programu. Walikuwa wameona nyongeza imepakuliwa kwa mtandao wa hospitali, wakataka maelezo. Meneja alikuwa na jibu lake tayari: iandikwe kwamba ni mgeni tu alitumia mtandao wetu, na Bwana Masharti asaini. Vinginevyo aliyefanya atafutwe, afukuzwe.

Bwana Masharti alinijia na barua mkononi.

"Uongo siusaini, dada. Na jina lako silitaji. Ukiamua mwenyewe kwenda kwa meneja kukiri, tutakwenda wote."

Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mama mgonjwa nyumbani, naye ananitosa kwa ajili ya karatasi! Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu kumwangalia usoni kila asubuhi huku nikinyamaza kungenishinda.

Nilikiri. Meneja akafungua mdomo kunifukuza, Bwana Masharti akamkatiza.

"Tupe wiki mbili, mimi na dada huyu. Nyongeza tunaifuta leo, na picha zote tunazihamishia kwenye mfumo mpya. Wenye programu tuwaambie ukweli, basi. Lakini bila yeye siwezi."

Meneja aliguna, akakubali.

Tulitoa stoo kompyuta kuukuu iliyoweza kukisoma kile kisanduku yenyewe, bila nyongeza. Ubavu wake tuliuacha wazi, feni ikiupuliza ili kompyuta isizimike kwa joto. Yeye alifungua picha, mimi nikalinganisha jina na faili, nikahifadhi upya. Mbavu, nyonga, bega la mtu aliyeanguka kwenye ngazi.

"Hili goti kama la meneja," nikasema.

"La meneja halipindi," akajibu bila kucheka, nami nikamwaga chai.

Sijui hasira yangu iliisha siku gani. Ninachojua ni kwamba sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama zile wiki mbili, na niko hapo hospitali mpaka leo.

Ijumaa ya pili, saa tisa alasiri, picha ya mwisho ikahama. Nilipiga makofi peke yangu. Yeye alizima feni, akatoa funguo za chumba mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Za nini hizi?"

"Mkataba wangu ni wa kutunza mfumo wa zamani. Sasa haupo."

Nikavuta kiti, nikakaa. "Ulijua?"

"Tangu siku ya barua."

"Na hukuniambia, kaka!"

"Ningekwambia," alisema huku akivaa koti, "ungefanya kazi polepole."