Kaza Mshipa

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: ukimya ule ulikuwa wa mkono wake, au wa waya wangu?

Ilikuwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimetoka chuoni majuzi tu, na hospitali moja ya Tororo ikanikabidhi mashine ya kusikiliza neva. Nyaya mbili nyembamba kama unywele huingizwa kwa sindano ndani ya msuli. Sindano hutolewa, nyaya hubaki. Neva ikiuamuru msuli, spika hulia tak, tak, kama bisi chunguni. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja, fundi cherehani wa Busia upande wa Kenya. Alivunjika mkono, kiganja kikalegea. Spika haikusema kitu. Daktari mkuu akaamua neva imekufa: Ijumaa atampasua, ahamishe kano ya msuli mzima ili iinue kiganja.

Labda waya ulikatika. Labda niligusa msuli mwingine. Labda ningesomea ualimu.

Alhamisi nikamwita tena yule mama, lakini kwanza nikajitia nyaya mpya mkononi mwangu. Tak-tak-tak-tak! Spika ilifoka hadi nesi akaja mbio. Mashine ilikuwa nzima! Nikamwekea mama nyaya zake, nikarudia maneno yangu ya siku ile.

"Haya mama, kaza mshipa."

Akavuta pumzi, akabana tumbo, macho yakamtoka. Spika kimya.

"Mbona unabana tumbo, mama?"

"Si umesema mshipa? Hata siku ile nilishangaa. Mshipa ni ugonjwa wa wanaume, mwanangu, wa huko chini! Lakini daktari akisema kaza, mtu atafanyaje? Nikakaza nilichonacho."

Nesi, mwenyeji wa Tororo, alishika ukuta kwa kicheko, akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Daktari, wewe nasema vibaya! Mama, inua mkono tu, kama nasimamisha basi."

Akajaribu. Kiganja hakikutikisika. Lakini spika ikalia tak. Ikanyamaza. Tak. Tak.

"Hiyo ni mimi?" akanong'ona.

"Ni wewe, mama! Neva inarudi!"

Kwa kawaida ningeketi kwanza nipange maneno, niyapangue, nijiulize kama mkubwa atakasirika. Siku hiyo nilitoka mbio, nyaya zangu zikining'inia mkononi, nikagonga mlango wa daktari mkuu na kuufungua kabla hajaitikia.

"Daktari, kesho usimpasue," nikasema. "Njoo usikie."