Habari Iliyorudi Mpakani

Kazini walimwita Uhamiaji, na hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake mara mbili. Kampuni mbili za kusafirisha vifurushi zilipoungana, wakubwa walipeana mikono, wakapigwa picha, wakabadilisha rangi ya mashati ya madereva, wakadhani wamemaliza. Kompyuta hazikuwa na habari. Kila upande ulikuja na mtandao wake, na kila mtandao na itifaki yake, yaani utaratibu ambao ruta, zile mashine za kuelekeza ujumbe, huutumia kuambiana njia ipi inafika wapi. Itifaki hizo mbili hazikusikilizana hata neno. Mwanamke huyu akapewa kiti cha mpakani: azichukue njia za huku azitangaze kule kwa lugha ya kule, na za kule azilete huku. Hakuna njia iliyopita bila kuulizwa imetoka kwa nani.

Chumba chake kilikuwa chembamba, nyuma ya ofisi ya uhasibu, chenye kabati la ruta, kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo, na kiti kimoja. Cha pili alikitoa mwenyewe. Mgeni akikaa, alisema, huanza kuzoea.

Mtandao wa upande wake aliupenda kwa sababu uliendeshwa kwa ramani: kila ruta ilikuwa na mchoro mzima, ikajipigia hesabu yenyewe. Mtandao wa wenzao uliendeshwa kwa kusikia. Ruta ilimwamini jirani, jirani akamwamini jirani yake, na hakuna aliyeona kitu kwa macho.

"Ule si mtandao," alimwambia mumewe, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani. "Ile ni foleni ya bombani."

Mumewe, mdomo umejaa pini, aliitikia kwa kichwa. Jibu hilo lilikuwa limemtunzia ndoa miaka mingi.

Kwa hiyo wenzao hakuwapa orodha nzima. Aliwapa muhtasari: badala ya kutaja kila tawi, alitangaza mstari mmoja, kwamba anwani zote zinazoanza hivi zipelekwe kwake. Ni kazi safi na inapunguza kelele. Ina uongo kidogo pia, kama mtu anayesema mtaa mzima ni wa ukoo wao, akihesabu hadi viwanja ambavyo havijajengwa. Bohari moja tu alilitaja peke yake, lile la njia panda, kwa kuwa lilifikiwa kwa laini ya kukodi iliyopita nje ya ramani.

Mpaka ulikuwa na lango la pili, kwenye ghala kuu, na mlinzi wake alikuwa fundi wa upande wa wenzao. Walimwita Bwana Harusi, maana alivaa suti siku za kazi na alitabasamu kabla hajasalimiwa. Kwa Uhamiaji, mtu anayetabasamu mapema hivyo ana lake. Tena mkurugenzi alikuwa ameshasema: mitandao ikikaa sawa, kitengo kitakuwa na mkuu mmoja. Hakusema nani.

"Atakuwa yule," alimwambia mumewe wakati wa chakula. "Ameletwa achukue nafasi yangu."

"Nani kasema?"

"Mambo mengine hayangoji kusemwa."

Siku chache baadaye bohari la njia panda likakatika. Karani wa huko akapiga simu: "Mama, skrini imeganda, na madereva wananitolea macho kana kwamba nimeigandisha mimi."

Uhamiaji akaingia kwenye ruta. Mtandao wake mwenyewe ulikuwa sasa unaamini kwamba njia ya kwenda bohari inapitia kwa Bwana Harusi. Ujumbe ulitoka kwake, ukafika kwa Bwana Harusi, ukarudishwa kwake, ukaenda tena, hadi ukafia njiani.

"Amelichukua," alisema. "Bohari langu, mchana kweupe."

Hapo wifi yake, dada wa mume, aliyefanya kazi uhasibu, akaegemea mlangoni, maana kiti hakikuwepo.

"Wifi, umesikia? Mkuu ni Bwana Harusi. Kantini nzima inajua. Hata dereva wa mkurugenzi kasema."

Kantini na dereva: mashahidi wawili. Alirudi nyumbani na kesi iliyokamilika, akaisoma yote mbele ya mumewe. Mumewe alitoa pini mdomoni, jambo la nadra.

"Wifi yako nilimwambia mimi."

"Na wewe ulimsikia nani?"

"Wewe. Hapo hapo ulipokaa."

"Na dereva?"

"Si anakula kantini? Dada yangu akiwa na neno, dereva atalikosa vipi?" Alimtazama. "Mbona unaniangalia kama mwizi?"

"Nyamaza kidogo. Nafikiria bohari."

Alikuwa ameliona. Habari ya bohari ilitoka kwake, ikavuka mpaka. Kwa kuwa mitandao hiyo haipimi umbali kwa kipimo kimoja, umbali wa zamani hufutwa langoni na mpya huandikwa. Ruta ya Bwana Harusi ikaisikia kwa majirani, ikairudisha kupitia lango lake, ikaiandikia umbali mfupi, kwa nia njema kabisa. Ikamfikia mwenyewe ikiwa mbichi, kana kwamba imeletwa na mtu anayeishi ukuta mmoja na bohari. Dawa yake inajulikana: njia ikivuka ivalishwe lebo, na lango la pili liikatae yenye lebo hiyo. Ila lazima malango yakubaliane lebo ipi, na vikao vyote vya Bwana Harusi yeye alivikwepa, kwa usalama.

Asubuhi akaenda ghalani. Kiti alichopewa alikikagua kwanza.

"Karibu, dada. Nilidhani unanichukia."

"Bado sijaamua. Nimekuja kwa jambo la lebo. Tutumie namba gani?"

Bwana Harusi akataja namba.

"Kwa nini hiyo?"

"Nimechagua tu."

"Watu hawachagui tu."

Wakatumia nyingine. Kila mmoja akaandika langoni kwake, na bohari likarudi kabla chai haijapoa.

"Dada, hivi ni kweli?" Bwana Harusi aliuliza. "Kantini wanasema mkuu nitakuwa mimi."

"Usiliamini neno hilo. Ni langu."

Bwana Harusi alitabasamu, bila kuelewa.

Mchana mkurugenzi akamwita, akamsifu kwa kazi, kisha akashusha sauti. "Nimempa ukuu Bwana Harusi. Kusema kweli, nilikuwa nimeandika jina lako. Lakini kiongozi husikiliza watu, mama, na watu wote wanamtaja yeye."

"Wote akina nani?"

"Wote. Dereva wangu, uhasibu, kantini. Wote."

Uhamiaji alijua muhtasari akiuona. Chini ya huo mstari mmoja kulikuwa na anwani moja tu, na ilikuwa ya meza yake ya chakula.

"Mkurugenzi, habari hiyo ilitoka kwangu."

Mkurugenzi alisimama, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa. Si kila mtu angempigia debe mwenzake namna hiyo."

Akatoka ofisini amesifiwa kwa roho nzuri, jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kushukiwa nalo.