Maua Yasiyokunywa Maji

"Yatoe humu kabla hayajafunguka, Baba Furaha. Maua ya kukata ni ya kilio."

"Dada, ni maua tu. Mgonjwa mwenyewe ameyaomba."

"Mgonjwa hajui anachoomba. Mimi ndiye niliyekwisha kuzika."

Nilipokuwa mtoto niliusikia ugomvi huo nikiwa nimekaa chini, mgongo kwenye kitanda cha mama, katika chumba chetu cha mtaa wa Yeoville, ugenini. Mama alikuwa anaumwa kifua tangu baridi ianze. Baba alitunza bustani ya bibi mmoja kule juu kwenye nyumba za matajiri, na msimu ulipobadilika bibi akamruhusu akate peoni. Mama alikuwa amesikia habari za ua hilo miaka yote: zito, likifunguka ni kubwa kama kabichi. Baba aliyakata yakiwa yamefumba, kwa sababu lililofunguka lisingefika zima ndani ya teksi. Mama akayapanga mwenyewe katika jagi lake la kioo, akaliweka dirishani.

Mama Mkubwa, dada yake, aliamini kwamba ua la kukatwa likifunguka ndani ya nyumba yenye mgonjwa, linamfungulia mlango wa kutokea. Ndiyo maana kwake, kama kwa wengi wetu Wakongo, sebule ilipambwa kwa maua ya plastiki, na ukiyagusa unachapwa.

Baba hakuyatoa. Kila asubuhi mama alibonyeza vile vichwa kwa kidole, akatazama maji yamepungua kiasi gani.

"Bado," akaniambia. "Lakini yanakunywa."

Asubuhi moja, baba akiwa kazini, mama aliamka akakuta waridi za plastiki ndani ya jagi. Alitia kidole majini.

"Dada, haya hayanywi."

"Hayafi," Mama Mkubwa akajibu.

Mama akageukia ukutani.

Peoni niliyakuta kwenye ngazi, yamechomekwa katika ndoo ya kudekia karibu na mapipa. Yalikuwa yamefunguka. Watu walipita kando yake, hakuna aliyegeuka. Nilichukua moja. Mama Mkubwa akaninyang'anya mlangoni. Basi nikaingia mikono mitupu.

"Mama, yamefunguka."

"Ya rangi gani?"

"Pinki. Katikati manjano."

Akafumba macho kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Alifariki kabla ya Jumapili. Mama Mkubwa aliwaambia waombolezaji kwamba maua yalikwisha kulala ndani, na hilo lilitosha kumfungulia mlango. Wakatikisa vichwa. Watu wa kanisa wakaleta mashada, maua ya kukatwa yakajaa hadi chini ya meza, na hakuna aliyeambiwa ayatoe.

Mimi sikusoma sana. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo za watu na kuzirudisha, na bustani vilevile, kwa kukosea. Peoni niliyopanda uani kwangu ilinikalia misimu kadhaa bila ua, nikaitukana, nikaendelea kuimwagilia. Sasa nakata alfajiri, kichwa kikiwa laini kama unga ulioumuka, nakung'uta sisimizi, naingiza ndani. Yanafunguka mezani, tunakula mbele yake. Siku moja petali zote zinaanguka kwa pamoja, na bado namtazama kila mtu wa nyumba yangu usoni kabla sijazifagia. Hilo silifichi.

Mama Mkubwa amezeeka. Msimu wa peoni hakanyagi kwangu. Hofu yake naielewa kuliko zamani: alikuwa anampoteza mdogo wake, akashika kitu cha kwanza alichoweza kukitupa nje. Lakini mama hakuomba kupona. Aliomba kuona ua likifunguka, na hilo lilikuwa linawezekana.

Peoni zangu ziko kwenye kopo la rangi. Jagi la mama liko sebuleni kwa Mama Mkubwa hadi leo, na zile waridi za plastiki ndani yake, zimefifia.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu. Akaanza kunipa pole za miaka ile.

"Pole zako baki nazo, Mama Mkubwa. Jagi ni la mama. Nirudishie."