Matembezi ya Emrys kwenye Baa za Pontwern

Kaka yangu Emrys Probert tulimzika Jumanne, Bwana ampumzishe. Hakuoa, na pombe hakuionja maisha yake yote. Utotoni alisimama kanisani akaapa kutoigusa, kama tulivyoapa wote hapa bondeni, naye akashika neno lake. Lakini baa za mji wetu wa Pontwern alizijua zote: ipi ilianza kama zizi la farasi, ipi ilipakana na ukumbi wa maigizo, waigizaji wakipenya mlango wa nyuma kulainisha koo katikati ya mchezo.

Alipostaafu posta, akaanza kutangaza matembezi ya kuwaonyesha watu majumba hayo kila Jumamosi. Hawakuja. Wa kanisani walimwona milangoni mwa baa wakasema Emrys ameanguka. Wanywaji nao walidhani ametumwa na mashemasi.

"Leo umeandika majina ya nani, Mtakatifu?" Glenys, mwenye baa ya mwisho iliyobaki, alikuwa akimtania.

"Lako. Mara mbili."

Oktoba tukasikia ukumbi wa maigizo utabomolewa. Emrys akabandika tangazo la matembezi ya mwisho. Siku hiyo nilimwona kutoka dirishani kwangu, amevaa suti yake nyeusi, anasubiri kwenye mnara wa saa, mvua inamnyeshea, hana mtu. Nikachukua koti.

Njiani nikakutana na mke wa shemasi. "Mair, unakwenda wapi na mvua hii?"

"Baa," nikamjibu, nikapita.

Emrys alieleza kila jumba kwa sauti kubwa kama mhubiri.

"Punguza sauti, kaka. Niko peke yangu."

"Wa nyuma hawatasikia."

Tukamalizia kwenye ukumbi, madirisha yamepigiliwa mbao. "Kuna mwenye swali?" akauliza, akitazama juu ya kichwa changu.

Nikanyoosha mkono. "Wewe ulikuwa unakaa wapi humo ndani?"

"Sikuwahi kuingia. Baba alikataza. Alipofariki, nikaona aibu kuingia bila mtu wa kukaa naye."

"Si ungeniambia?"

"Ungekuja?"

Mungu anajua nilitaka kusema ndiyo. "Leo nimekuja," nikasema.

Akafuta ngazi ya mlangoni kwa kitambaa chake, akanikaribisha. Tukakaa pale bega kwa bega, tumeloa, hadi Glenys alipotoka kuwasha taa za baa yake pale jirani.