Majivu ya Paka wa Mke Wangu

Paka alikufa Jumanne asubuhi, juu ya vitambaa vya sare za shule ambavyo nilikuwa sijavikata. Nilidhani amelala, nikamsukuma kwa rula. Nilipoona hanikwaruzi nikajua amekufa, kwa sababu katika miaka tisa hakuwahi kuiacha nafasi kama ile ipite.

Niseme ukweli mapema: mimi na yule paka hatukupendana. Alikuwa paka wa mke wangu. Mke wangu alimtoa kwao Maneromango akiwa mdogo, ndani ya kikapu cha mihogo, akaja naye hapa Maili Moja ninapofanyia ushonaji, na tangu siku hiyo paka akanichukulia mimi kama mpangaji. Hatukumpa jina. Tulimwita Paka tu, na hata hilo alimwitikia mke wangu peke yake.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Siku ya mwisho aliyoweza kuzungumza vizuri hospitalini, alinipa ishara nisogee. Nilivuta kiti, maana najua waume wengine huambiwa maneno mazito saa kama ile. Akasema, "Paka akifa, usimtupe jalalani. Mrudishe nyumbani." Nikasema sawa. Akafumba macho. Hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa, na sikuachiwa nyingine.

Basi Jumanne ile nilimpigia simu dada yake mkubwa, anayeishi kwenye shamba la wazazi wao. Habari ya paka sikumwambia. Nilimuuliza tu barabara ikoje.

"Barabara ipi?" akasema. "Mvua imeila. Gari la mwisho limekwama tangu juzi, kuku wameanza kutaga humo ndani. Subiri Jumamosi."

Kutoka Jumanne mpaka Jumamosi ni mbali, kwa joto letu. Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba, ambaye ana friza ya kugandishia barafu anazowauzia watoto. Nilimweleza kwamba ningemfunga paka kwenye mifuko mitatu, na kwamba hangechukua nafasi kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "tangu umefiwa hujapumzika. Nenda ukalale kidogo."

Ndipo likanijia wazo la kumchoma. Zamani niliwahi kushonea familia moja ya Kihindi, nikajua kwamba wao humchoma marehemu wao kwa heshima zote, na majivu hukaa kwenye chombo bila kumsumbua mtu. Majivu hayanuki. Majivu yanaweza kusubiri barabara.

Nilianza kwa bwana mifugo, mtu mwema, akanipa kiti. Alisema tanuri lipo, la kuchomea kuku waliokufa kwa kideri, lakini huwa wanachoma wote kwa mpigo.

"Nitakupa majivu ya kuku themanini na paka mmoja, mzee. Utamjuaje wako?"

Nilifikiri, nikamwambia sitamjua.

"Basi nenda kwa wachoma matofali. Moto wanao mwingi, na hawana fomu za kujaza."

Mchoma matofali niliyemkuta nje kidogo ya mji alikuwa mtu wa umri wangu, ana masizi mpaka kwenye kope. Tanuri lake lilikuwa refu kama nyumba, limekandikwa udongo, na chini lina midomo miwili ya kuingizia magogo. Paka nilikuwa naye kwenye boksi la nyuzi, nimemfunga kwa kanga ya mke wangu. Nilieleza shida yangu. Yule bwana hakucheka.

"Wewe kabila gani?" akauliza.

"Mzaramo."

"Wa wapi?"

"Kisarawe."

Akatupa koleo chini. "Mimi Mnyamwezi. Una msiba, mtani wako yuko hapa amekaa anachoma udongo, wewe unakwenda kwanza kwa bwana mifugo?"

Mnyamwezi ni mtani wetu tangu enzi za mababu, walipokuwa wakishuka huku Pwani na mizigo kichwani. Mtani ndiye mwenye shughuli msibani. Yeye hushika jembe, hutukana, humwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba wa mke wangu watani walikuja wawili, lakini wazee wa usharika waliwaomba wanyamaze kwa sababu mchungaji alikuwa mgeni. Wakanyamaza. Tulimzika mke wangu kwao Maneromango, kwa utulivu mkubwa, kila mtu akausifu ule utulivu, nami nikarudi Maili Moja bila chozi hata moja, nikaanza kukata suruali.

Mtani wangu alikwenda akalala chali mbele ya mdomo wa tanuri, mikono kifuani.

"Hapa hapapiti kitu," akasema. "Mpaka mfiwa atoe kuku."

"Sina kuku."

"Mzaramo atapata wapi kuku? Siku nzima yuko ngomani. Toa soda."

Nilikwenda dukani nikarudi na soda mbili. Alikunywa ya kwanza palepale chini, amelala, na ya pili akaiweka kwapani.

"Haya, alikuwa paka wa namna gani?"

"Mkali," nikasema. "Mvivu. Mimi alikuwa hanipendi."

"Kumbe alikuwa na akili."

Akainuka, akashika ardhi kwa mikono na magoti, mtu mzima na mvi zake, akaanza kuzunguka matofali. Alinusa dagaa ambao hawakuwapo, akawakataa. Alijisugua kwenye miguu ya mwanamke asiyeonekana, akalia kwa sauti nyembamba ya kudeka. Halafu akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akanipa mgongo, akakaa. Hakuwahi kumwona paka wetu akiwa hai, lakini ule mgongo ulikuwa wake kabisa. Wafanyakazi wake wawili walishikana mabega kwa kucheka.

Hakuishia hapo. Alikaa juu ya tofali, magoti pamoja, akakumbatia boksi la hewa, midomo ameikaza.

"Mimi sina neno," akasema, na sauti ilikuwa yangu. "Mimi nashona tu."

Nilicheka. Nilicheka mpaka boksi likaniponyoka mapajani, nami nikiwa nalidaka nikagundua kwamba kicheko kimekwisha na kinachoendelea ni kitu kingine. Nililia kwa sauti, pale mbele ya matofali maelfu, kilio cha mwaka mzima. Niliona aibu, kwa sababu watu wale walidhani namlilia paka. Mtani hakunibembeleza. Alingoja, akanywa ile soda ya pili.

"Sasa tuna msiba," akasema. "Mwanzo tulikuwa na boksi."

Alimweka Paka pamoja na kanga yake ndani ya debe lenye kifuniko, ili asichanganyike na majivu ya magogo, akalisukuma debe ndani kwenye moto kwa mti mrefu. Ijumaa nilirudi. Alikuwa amelitoa debe na kuyaponda yaliyobaki mpaka yakalainika. Yalikuwa meupe, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Aliyamimina kwenye kopo la maziwa ya unga, akanikabidhi kwa mikono miwili, na safari hii hakutukana.

Jumamosi barabara ilipitika. Kisarawe mjini, tulipokuwa tukisubiri gari lijae, bibi mmoja aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia majivu ya paka. Mpaka Maneromango nilikaa siti ya watu watatu peke yangu.

Nilimkuta shemeji uani na ungo wa kunde mapajani, anachagua mbegu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na safari. Na hilo kopo?"

"Majivu," nikasema. Nilitaka kuendelea, ila nikaomba kwanza maji.

"Umefikiria jambo la maana," akasema. "Ya kwangu yote yamelowa."

Maji yalikuwa mtungini, kibarazani. Nilipogeuka na kikombe, kopo lilikuwa tupu. Shemeji alikuwa ameyamwaga majivu yote juu ya kunde na anazisugua kwa viganja, kama watu wote wa huko wanavyofanya ili mbegu zisiliwe na fukusi.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Niliijaribu, kwa muda wa kumaliza kikombe.

"Dada, hayo majivu ni paka."

Mikono ikasimama. "Paka gani?"

"Wa mdogo wako."

Alitazama viganja vyake, vyeupe mpaka kwenye vifundo. "Amechomwa?"

"Amechomwa na mtani. Mnyamwezi."

"Alimwigiza?"

"Alimwigiza. Na mimi akaniigiza."

"Ukalia?"

"Nikalia."

Nilimweleza aliyoniambia mdogo wake hospitalini, na kwamba nilikusudia kumfukia Paka miguuni pa kaburi lake, nyuma ya nyumba.

"Uonekane umepiga magoti unachimba kaburini, na kopo la majivu pembeni?" akasema. "Wangesema mchawi, wakuue. Na wewe wangekufukia miguuni kwa nani?"

Akaanza tena kusugua, taratibu, akigeuza kila punje mpaka ipate majivu. Kisha akainuka, akaubana ungo kiunoni, akanionyesha jembe kwa kidevu.

"Hizi nilitaka kuzipanda bondeni," akasema. "Tutazipanda kule nyuma. Twende, ardhi bado ina maji."

Mimi nilichimba vishimo, yeye akadondosha. Tulianza kwenye mlango wa jiko na kuelekea kaburini. Mara mbili aliniambia vishimo vyangu ni virefu, kunde si muhogo. Tulipofika kaburini tulilizunguka pande zote nne, mbegu mbilimbili, mpaka ungo ukabaki na vumbi. Akaukung'uta juu ya kishimo cha mwisho, akapuliza lile lililonasa kwenye nyuzi za ungo, akaniambia nifukie.