Mkamwana Aliyeruka Kwenye Migomba

Niliondoka kwetu Chapwa kwa sababu Bwana mmoja Mzungu, mchunguzi wa mila, alitaka mtu wa kumtafsiria Kindali. Mama yangu Mndali, darasa la nne nimelimaliza, na mdomo wangu haujui likizo. Nikapata kazi.

Asubuhi tukapita Mpemba, tukaanza kupanda milima ya Ileje. Njia nzima Bwana ananifundisha mila za Waafrika. Mimi "Ndiyo, Bwana" tu, kama vile nimezaliwa jana.

Isongole tulifikia kwa Mzee Kibona. Hata mizigo hatujatua, mkamwana wake, Sekela, akatokea na mtungi wa maji. Kumwona mzee tu, mtungi chini paa! Yeye akaruka kwenye migomba.

"Mzee huyu anampiga!" Bwana akasema. Nikafungua mdomo nimweleze. "Wewe tafsiri tu," akanikatiza. "Muulize anapigwa mara ngapi."

Sekela akajibu kutoka migombani, "Kupigwa? Hajanisogelea hata siku moja!"

"Anaogopa kusema," akasema Bwana. Akaingia migombani, akamshika Sekela mkono, akamtoa, akamsimamisha mbele ya mzee. Uso kwa uso!

Jamani! Mimi mtu wa mzaha, lakini pale mzaha ulinitoka. Kwa Wandali, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Ndiyo heshima yenyewe. Mzee Kibona, na mvi zake zote, akajifunika blanketi usoni, akatimua mbio nyuma ya zizi. Sekela akaangua kilio.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mmefanya nini? Bila mbuzi wa kuondoa aibu hii, mwanangu Sekela kesho anarudi kwao, na ndoa imekufa!"

"Nani amtoe huyo mbuzi?" nikauliza.

"Aliyewakutanisha!"

Nikatafsiri. Bwana akapinga: "Lakini kwetu mkamwana na baba mkwe wanakula meza moja!"

Sekela akafuta machozi. "Muulize, baba yake yeye sasa hivi anakula kwa nani?"

Bwana akakohoa. "Yuko kwenye nyumba ya wazee. Wanatunzwa huko."

"Anatunzwa na ndugu zake?"

"Hapana. Na watu baki."

Mwiko ukamponyoka mama mkwe. Mimi mwenyewe nilimwomba Bwana arudie mara mbili, nikidhani masikio yangu yamelewa.

"Mimi namkimbia baba mkwe," Sekela akasema, "lakini ugali wake wa kila jioni naupika mimi. Ninyi mnatazamana vizuri, halafu mzee mnamtupa?"

Bwana akaiva kama pilipili. Akaenda kutafuta mbuzi yeye mwenyewe. Kumvuta, nani kama si mimi? Mbuzi akachinjwa, na Sekela akabaki. Jioni akamtuma mtoto na ugali wa mzee, moto kama kawaida.

Kesho yake, tukiteremka, Bwana akaninunia. "Mbona hukunieleza mapema?"

"Bwana, jibu ulikuja nalo toka kwenu. Mimi uliniachia swali tu."

Karibu na Mpemba tukamwona mzee mmoja anakuja na fimbo yake. Nikanong'ona, "Bwana, baba mkwe!"

Bwana akaruka matopeni na viatu vyake, akachutama. Mzee akanisalimia, akamtazama yule Mzungu kwa huruma, akapita.

Bwana akatoka anachuruzika matope. "Baba mkwe wa nani yule?"

"Sijui, Bwana. Si ungeuliza kwanza?"